Kwa Nini Mungu wa Radi Aangukie kwa Borafya?

3 Februari, Jumatatu

Borafya amepata mungu. Astaghfirullah, lakini ndivyo ilivyo.

Asubuhi wameingia mtaani kwetu Kiponda wageni wa filamu. Wanatengeneza filamu ya wale miungu wa kale wa Wazungu wa kaskazini, kwenye mabarafu. Mmoja wao ana nyundo, akiipiga inatoka radi. Baba yake anamkasirikia, anamnyang'anya nguvu, anamtupa duniani. Sasa wanatafuta mahali pa kumtupia. Wameiona Ngome Kongwe, wameyaona majumba ya masultani. Mwisho wamesimama mbele ya nyumba ya Borafya, jirani yangu wa mkabala, wakasema hapa hapa.

Nyumba ya Borafya! Ukuta umebanduka mpaka mawe yanachungulia. Juu ya dirisha pameota mti. Mimi nina mlango wa njumu za shaba, aliuacha babu. Wageni wakaupa mgongo wakapiga picha ule mti.

Jioni baraza yangu tupu. Wanywa kahawa wote wamehamia kwa Borafya kusikiliza habari za radi. Watu hao wamekaa kwangu tangu marehemu baba yu hai. Hata Haitham muuza kahawa kahamisha dele lake. Nimekaa peke yangu nikijifanya nakata kucha. Ya Rabi, nirudishie watu wangu.

4 Februari, Jumanne

Nimeshajua kosa langu. Wageni wanakuja, nyumba haijapakwa rangi! Tangu lini mgeni akapokewa na ukuta wenye madoa? Nusrat, msichana wa Jang'ombe anayewafasiria, amesema kesho watapita tena kuangalia nyumba nyingine za mtaa. Nikanunua rangi ya mafuta, nyeupe. Nimepaka mpaka usiku. Mlango nimeupaka mafuta ya nazi, baraza nimeisugua mpaka magoti yamechubuka. Mke wangu Mayasa akauliza kama tunaoa. Nikamwambia asubiri, kesho radi itaanguka hapa.

Borafya hajafagia hata kizingiti. Kakaa na singlendi, anakunywa chai. Namwonea huruma.

5 Februari, Jumatano

Wamekuja. Mkuu wao ni mama mwenye miwani, kazi yake ni kuchagua mahali tu. Ameitazama nyumba yangu kwa muda mrefu. Kisha akasema kitu, Nusrat akaona haya kukifasiri. Nikambana. Kasema panafanana na zahanati.

Nusrat akanielewesha taratibu, kama mtu anayempa mwenziwe habari ya msiba. Filamu za namna hii, nusu yake ni mahali. Mbinguni kwa miungu watapajenga wenyewe huko kwao, dhahabu tupu. Duniani lazima pawe kinyume chake. Pawe na joto, pawe pa kawaida kabisa, mtazamaji akiona tu ajue jamaa kashushwa hadhi. Mungu wa barafu anazinduka, jasho linamtiririka, anatazamana na kuku.

Kwa hiyo Borafya kachaguliwa kwa sababu nyumba yake ni mbovu kuliko zote. Nilitegemea nifurahi. Nimejaribu mpaka usingizini. Nimeshindwa. Yaani hata kwenye ubovu anitangulie yeye?

6 Februari, Alhamisi

Nimekwenda kwa Sheikh Yussuf baada ya Alasiri. Nikamweleza, kwa uchungu wa dini na si kwa jambo jengine, kwamba kuna mungu wa uongo anataka kuangushwa juu ya paa la Mwislamu. Sheikh akauliza mungu mwenyewe ni nani. Nikasema mchezaji wa filamu. Akauliza kama Borafya anamwabudu. Nikasema hapana, ila anamzungumzia sana. Akauliza, na kama wangemwangusha kwako, ungekuja kwangu?

Nikakumbuka nina shughuli, nikaaga. Akanisindikiza mpaka mlangoni akisema husuda hula mema kama moto unavyokula kuni. Maneno mazito. Borafya angefaa kuyasikia.

7 Februari, Ijumaa

Leo nimefanya jambo la akili. Shaabani ndiyo hii, kila mwenye nyumba anapaka chokaa kabla ya Ramadhani. Nani atashuku? Borafya akitoka kuswali Ijumaa hupitiliza Jang'ombe kula kwa binti yake Yusra. Alipopotea kwenye kona tu, nikavuka njia na ndoo nne za chokaa, burashi na ngazi.

Mama yake, Bi Shemsa, alikuwa dirishani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamwambia nimeona mwezi mtukufu unakaribia, nikasema nimpunguzie jirani kazi. Bi Shemsa akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwanangu Mkadam," akasema, "huyu Borafya nshamwambia mpaka nshachoka. Kila siku kesho. Mungu akujaalie Makka." Akaniletea sharubati ya ukwaju. Nilijisikia vibaya kidogo, kisha nikanywa, ikapita.

Chokaa sikuitia chumvi. Chumvi ni ya kuifanya ishike, na mtu hutia kwa nyumba yake mwenyewe. Mti wa dirishani nimeung'oa. Magharibi nyumba ilikuwa nyeupe kama kanzu ya sikukuu.

Borafya akarudi, akasimama katikati ya njia. Nikangoja matusi. Akanikumbatia. Nilitaka akasirike. Hata kukasirika hajui.

8 Februari, Jumamosi

Mama wa miwani kaja na gari mbili na watu wa kamera. Alipoiona nyumba akakaa chini kwenye jiwe. Nusrat akafasiri bila kuulizwa: mungu akitupwa hapa sasa, atadhani amerudishwa kwao.

Wakapakia vyombo vyao, wakaondoka. Nilikuwa nyuma ya dirisha, nacheka mpaka Mayasa akanipiga kiwiko. Borafya aliwapungia mkono, akawaambia siku nyingine wapite wanywe chai. Kisha akawaambia watu wa barazani kwake kwamba kila lenye kheri huja, mama yake leo kalala kwenye nyumba safi. Watu wakamwitikia. Hawakuondoka hata mmoja. Nikaacha kucheka.

9 Februari, Jumapili

Allahu Akbar! Chokaa isiyo na chumvi! Kila aliyeegemea ukuta wa Borafya kaondoka na mgongo mweupe. Wake zao wakaja juu. Kufika saa nne wote wamerudi kwangu, rangi ya mafuta haichafui kanzu. Haitham karudi na dele lake. Borafya mwenyewe kavuka njia, kakaa ubavuni kwangu, akawa anamsimulia kila apitaye jinsi nilivyompakia nyumba mkono mmoja ngazini. Kikombe cha kwanza wakanipa mimi. Mzee mmoja akasema majirani kama Mkadam wamekwisha duniani. Baraza imejaa mpaka kwenye ngazi, wananisubiri mimi nizungumze.

Hapo akapita Nusrat. Nikamwuliza kwa mzaha mungu wao wamemtupa wapi. Akasema wamepata mahali Chwaka, kule pwani. Kibanda cha makuti kilichoinama upande, cha mzee mmoja anaitwa Muslim, hajawahi kuona filamu maishani mwake. Radi itaanguka uani kwake, penye mwani unaoanikwa.

Nikaweka kikombe chini. Muslim ni nani? Ana nini huyo Muslim? Na mimi nina shangazi Chwaka, Bi Ulfat, damu ya baba yangu, hakuna aliyemtazama! Tatizo ni kwamba nyumba yake mpya, mwanawe kaiezeka bati mwaka huu.

Nikaazima vespa ya Haitham. Borafya akauliza nakwenda wapi na watu wote hawa wamekuja kwa ajili yangu. Nikasema kumjulia hali shangazi. Akawaambia wenzake mwaona, mtu wa kuunga udugu huyo. Nikawaacha wamejaa barazani, nikatia moto.

Naandika haya nikiwa Chwaka. Shangazi kafurahi mno kuniona, yuko jikoni ananipikia wali wa nazi na pweza. Mimi niko juu ya paa. Bati mbili nimeshazing'oa, na ya tatu inalegea.