Mapichesi Kwenye Gunia la Mpunga

Jumatatu, 6 Januari

Baada ya misa ya asubuhi Sista Générose ametangaza: kituo cha ufundi cha parokia kinatafuta mwalimu wa mapishi. Mmoja tu. Anayetaka aje Jumamosi apike kituoni chakula kimoja, kitamu, rahisi, ambacho msichana yeyote anaweza kukipika kwao kwa jiko la mkaa. Tutakula pamoja mchana, kisha Sista ataamua.

Nina digrii ya sayansi ya chakula. Nimekaa hapa Kawajense miezi kumi na minne nikisubiri ajira na kupepeta mchele wa mama. Kazi hii ni yangu. Ilikuwa imepotea njia tu.

Mpinzani ni mmoja: Dina, jirani yetu. Tulikaa dawati moja darasa la nne. Aliishia kidato cha pili, sasa anauza maandazi stendi. Ni mtu mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi.

Nitapika kobla ya mapichesi. Matunda na sukari chini ya sufuria, donge laini la unga, maziwa na siagi juu, vyote vinaokwa pamoja. Mpanda nzima hakuna aliyewahi kuionja. Nimetazama video mara tisa. Mpishi anasisitiza kwamba ni rahisi sana. Yeye ana oveni na mapichesi ya kopo, lakini hayo ni mambo madogo.

Jumanne, 7 Januari

Hakuna mapichesi Mpanda. Nimezunguka soko zima. Muuzaji mmoja alinishikisha embe, akasema nalo ni tunda. Nilimrudishia embe lake.

Nimempigia Getrude, niliyesoma naye chuo. Yuko Sumbawanga, kwao kuna miti mitatu ya mapichesi na imezaa. Kesho ananipakilia ndoo kwenye basi. Msomi hakwami.

Kisha nikafikiria moto. Mvua inanyesha kila siku, mkaa mkavu kwa mama muuza mkaa umebaki magunia mawili. Nimechukua yote mawili. Dina ataoka kwa mkaa wa maji. Nimejichunguza moyoni jioni nzima na sijisikii vibaya. Kidogo tu, wakati wa sala.

Jumatano, 8 Januari

Ndoo imefika. Mapichesi thelathini na mawili, magumu kama mawe! Getrude anasema yaliyoiva yangefika yamepondeka.

Sikutetereka. Tunda hutoa gesi. Gesi ikifungiwa, tunda linaiva. Bibi zetu wamevundika ndizi miaka yote bila kuijua gesi hiyo kwa jina. Mimi naijua, nimeifanyia mtihani. Nimeyafukia mapichesi yote katikati ya gunia la mpunga, lile lililo karibu na mlango, nikalifunga kamba vizuri. Sikumwambia mtu. Dina huja kuchota maji kwenye bomba letu, na mama hana siri.

Nimekaa kitandani nikilitazama lile gunia kupitia mlango. Ndani yake kuna maisha yangu ya baadaye.

Alhamisi, 9 Januari

Mama amepeleka gunia mashineni. Lile!

Nilikuwa bafuni. Nimekimbia na kandambili moja. Maiko, kijana wa mashine ya kukoboa, alishamimina nusu. Mapichesi kumi na matatu yalikuwa yamepita, mashine imekabwa, inatema juisi. Maiko alijifuta uso na kumuuliza mama kama hii ni mbegu mpya ya mpunga. Waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka wakakaa chini.

Mama hakucheka. Alisema mbele ya wote, "Nimeuza ng'ombe wawili usome, kumbe umesomea kupanda matunda guniani."

Jua lilitoka kidogo, tukaanika mpunga kwenye turubai, Maiko akasafisha mashine, tukakoboa tena. Mchele umetoka mweupe lakini unanukia. Mapichesi kumi na tisa yamepona. Nimeyabonyeza moja moja. Yanaiva! Siku moja tu! Nadharia yangu imethibitika mbele ya mashahidi wengi. Nilimweleza mama hivyo njiani. Alijitwisha mchele wake akaongeza mwendo.

Ijumaa, 10 Januari

Jaribio la kwanza. Video inataka joto la nyuzi mia moja na themanini. Nimekokotoa kwenye daftari, kurasa mbili: makaa kumi na manne juu ya mfuniko, ishirini chini ya sufuria. Baada ya nusu saa, chini pameungua pakawa lami, juu donge bado bichi, linacheza. Mama alichungulia akauliza uji huo ni wa mgonjwa gani. Mapichesi saba yamekwenda. Yamebaki kumi na mawili.

Jioni upepo umeleta mvua ya ubavuni, na magunia yangu yalikuwa barazani. Mkaa mkavu wote wa Kawajense sasa ndio mkaa uliolowa kuliko wote Kawajense.

Dina alikuja na ndoo zake. Aliona magunia yanavyochuruzika, akaniona mimi nimekaa kando ya magunia. Aliziacha ndoo akaenda kwao. Alirudi na karai la mkaa mkavu. Kumbe kila msimu wa mvua huweka akiba chini ya kitanda. Alisema tu nikiwasha kesho nianze na vipande vidogo.

Nimempokea kwa heshima. Lakini nimeelewa. Anapeleleza.

Jumamosi, 11 Januari

Siku yenyewe. Naandika mikono ikinukia siagi.

Tulipika kwenye ua wa kituo, wasichana ishirini wanaosoma hapo wamekaa kwenye mabenchi. Dina alichagua mkate wa mchele. Hakupika hata kidogo! Aliwaita wasichana watatu, mmoja akakoroga, mmoja akawasha, mmoja akamimina, yeye amesimama anawatania kuhusu wachumba. Uvivu mtupu.

Mimi nilifundisha. Niliwaeleza gesi, nyuzi joto, na kwa nini siagi lazima iwe baridi. Dakika arobaini. Niliandika hata ubaoni, sufuria yangu ikiwa motoni. Nilipogeuka, Dina alikuwa amechuchumaa kwenye jiko langu, anatoa makaa chini na kuyapanga juu ya mfuniko, kwenye ukingo, bila ruhusa. Sikutaka kumwaibisha mbele ya watu. Nikaendelea na siagi.

Nilipofunua! Rangi ya dhahabu! Mchuzi wa mapichesi unachemka pembeni, mwekundu, unapenya kwenye nyufa za donge. Hata mama alisogea. Sijawahi kujipenda kama dakika ile.

Kisha chakula cha mchana. Wali ulikuwa umechangwa na mama. Mchele ule. Mzee Maximilian, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Alinusa wali, akanusa sufuria yangu, akaona vinanukia sawa, akahitimisha kwamba vinakwenda pamoja. Akajipakulia kobla juu ya wali, akaongeza maharage. Nilifungua mdomo nimweleze. Aliyemfuata akafanya hivyohivyo. Na wote waliofuata.

Mzee alirudi na sahani tupu. "Binti, niongezee mboga."

Sufuria ilikwanguliwa mpaka ikalia. Mkate wa Dina ulibaki vipande viwili. Nimehesabu. Viwili!

Sista Générose alituita sisi wawili barazani. Ana sauti ndogo, hapandishi. Alisema chakula changu ni kitamu na yeye mwenyewe amekula mara mbili. Kisha akaniuliza, "Eva, msichana wa kijijini Litapunga atayapata wapi mapichesi?"

Nikamjibu Sumbawanga.

Alitikisa kichwa polepole. "Na moto ule, nani aliupanga?"

Nilikusudia kueleza kurasa zangu mbili za hesabu. Dina alikuwa anatazama viatu vyake. Alisema moto tulipanga wote. Uongo, na mbele ya Sista.

Kazi amepewa Dina.

Nilishika sufuria yangu niondoke. Sista akanizuia mkono. Alisema ninajua mengi na itakuwa hasara kuyapoteza. "Jumatatu uje, ukae na Dina miezi miwili. Anza na moto. Halafu tutazungumza."

Jumapili, 12 Januari

Nimelala chali tangu misa iishe. Nimelia, naandika hilo hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Mama aliingia, akaweka sahani ya wali karibu na mto wangu. Alisema Mzee Maximilian amemsimamisha kanisani na kumuuliza binti yake ataipika lini tena ile mboga. Aliposema "binti yangu" alinyoosha shingo. Nimeona.

Nimekula wali wote.

Kisha nikayarudia maneno ya Sista moja moja, kama nilivyozoea kusoma swali la mtihani. Ninajua mengi. Itakuwa hasara. Nikae na Dina. Kwa nini mwenye digrii aketi karibu na mwalimu aliyeishia kidato cha pili, miezi miwili mizima?

Ili amchunguze!

Nilikaa wima. Ni wazi kabisa. Sista hawezi kulisema hadharani, ni mtawa. Nimechaguliwa kuwa mkaguzi. Cheo hicho kiko juu ya ualimu.

Jumatatu, 13 Januari

Siku ya kwanza ya ukaguzi. Nimefika na daftari jipya, nimelipigia mistari: Muda, Kosa, Maoni. Dina alinipokea kwa kunikumbatia (Maoni: anajipendekeza). Alinikabidhi kipepeo cha kupepea moto na jiko la mwisho kabisa, karibu na ukuta, akanionyesha namna ya kupanga makaa. Kutoka pale naona darasa zima. Hajui alilolifanya.

Moshi ulinipata. Msichana mmoja aliniuliza kwa upole kama nalia kwa sababu ya kukosa kazi. Nikamwambia nafanya kazi.

Hadi saa sita moto wangu umezimika mara nne, na mara zote nne Dina amekuja kuuwasha mwenyewe. Nimeandika kwenye safu ya Kosa: mwalimu hatulii sehemu moja.