Bamba la Shaba la Mjane Orcutt

Jumatatu, 6 Oktoba
Bamba la shaba liko tayari. Fundi Dwayne amethibitisha kwa simu, akaongeza kwamba herufi zimezama na hazitafutika hata wajukuu zake wazeeke. Jumamosi nitalizindua ukutani mwa ofisi za mji, mimi Norbert Haugen, mwenyekiti wa Chama cha Historia. Maneno yake, kuhusu mjane Orcutt aliyeshtakiana zamani na kampuni ya reli, niliyapata mwenyewe kwenye kompyuta ya maktaba, katika hazina ya hukumu za kale za mtandaoni. Niliandika "Orcutt" na "reli". Ukafunguka ukurasa wenye utamu: "Ardhi hii ni ya mjane, kampuni ya reli iondoke." Mahakama ya Juu ya jimbo, 1874! Nikanakili, nikaenda kula pai.

Uchaguzi wa chama ni wiki ijayo. Tolliver, daktari wa meno mstaafu anayekitaka kiti changu, ataking'ata kwa wivu.

Jumanne, 7 Oktoba
Clifford Orcutt, kilembwe wa mjane, amekubali mwaliko wangu. Anatoka Oregon. Ana swali dogo: kama mahakama ilimpa bibi yake ardhi, mbona ofisi zenu za mji zimejengwa juu yake? Anakuja na wakili.

Sikula mchana. Wala jioni.

Jumatano, 8 Oktoba
Nilimwomba Dwayne aseme bamba limepasuka. Akasema shaba haipasuki, mzee, labda wewe. Meya, Bi Pruitt, amesikia habari za wakili. "Norbert, pale ndipo ninapoegesha gari langu. Niambie sijakalia mali ya watu!" Nikasema ni uvumi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimerudi kwenye hazina kutafuta hukumu ya baadaye iliyotengua ile. Haipo. Kwa kukata tamaa nikaupandisha ukurasa wangu mtamu hadi juu kabisa. Kuna mstari pale: Jaji Whitcomb, akipingana na wenzake.

Nimechonga maneno ya jaji aliyeshindwa. Wenzake wote, katika kurasa za mwanzo ambazo sikuzifungua, waliipa reli ardhi, nayo reli ndiyo iliyouuzia mji. Mji umepona. Mimi nimekwisha. Nikisema, Tolliver anachukua kiti. Nikinyamaza, Orcutt anachukua ofisi.

Nimenyamaza. Tena nimeiwekea nafasi kompyuta ile hadi Jumamosi, kwa majina ya wanachama wote, ili asiisogelee mtu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Majina ya wanachama wote. Pamoja na la Tolliver! Mkutubi, mtu mwema, alimpigia kumkumbusha zamu yake. Akaja. Akaanza ukurasa wa kwanza, kama watu wanavyosoma. Nilikuwa nje nyuma ya gari langu, nikasikia kicheko. "Mwenyekiti! Toka huko, nakuona miguu! Umemvisha shaba aliyeshindwa!"

Jumamosi, 11 Oktoba
Umati ulijaa mbele ya bamba. Bi Pruitt alimkabidhi wakili kurasa za mwanzo, alizopewa na Tolliver. Wakili akazisoma, akafunga mkoba. Mzee Orcutt alipitisha kidole juu ya herufi za bamba.

"Kumbe mmoja alimwamini," alisema.

Akaomba alichukue. Tukambebea hadi garini. Tolliver alishika upande mwepesi, akanong'ona kwamba kiti changu atakishika hivyo hivyo.

Jumapili, 12 Oktoba
Ukuta uko mtupu, una matundu ya skrubu. Bi Pruitt anataka bamba jingine haraka, na safari hii lisimhusu mwenye ardhi yoyote.

Nimelipata! Niliandika "Haugen" na "daraja". Ukafunguka ukurasa wa katikati, kesi ya 1881, kuhusu babu wa babu yangu aliyejenga daraja letu: "Hakuna mtu mwaminifu kumzidi Haugen katika kaunti hii." Aliyesema ni wakili wake, na wakili hawezi kudanganya mbele ya jaji. Kurasa za mwanzo zina jambo kuhusu farasi wa jirani aliyepotea. Sikuona haja ya kuzisoma.

Dwayne anaanza kuchonga kesho saa mbili asubuhi.