Siku Niliyolibeba Jiko Kwenda Kuchagua Jenereta

Jamani, leo sina pa kuuficha uso. Nimeaibika Smithfield, hapa Sydney, mchana kweupe, nikarudi nyumbani Penrith nikaaibika tena, mara hii kwa wakwe. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa rafiki yangu Byamungu, maana yeye ataongeza chumvi, na kisa chenyewe hakihitaji chumvi.

Chanzo ni mama mkwe. Amefika mwezi uliopita kutoka Kigoma, akatua katikati ya baridi kali (tiketi nilikata mimi, majira sikuangalia, nisameheni). Tangu afike hajanilalamikia hata siku moja. Mkwe halalamiki kwa mkwe. Lakini juzi nilimsikia akimwambia mke wangu, Neema, kule jikoni: "Mwanangu, baridi hii ikizidi kidogo tu, mimi narudi kwangu."

Moyo ukanipasuka. Mama akirudi kabla ya wakati wake, Kigoma hawatasema baridi ya Sydney ni kali. Watasema mkwe hakumtunza.

Kinachomshikilia hapa ni jiko letu la sebuleni. Si la kupikia, ni la kupasha nyumba joto. Linakula vipande vya mbao iliyosagwa na kushindiliwa, vidogo kama chakula cha kuku, wenyewe wanaviita peleti. Mama analipenda hilo jiko kuliko anavyonipenda mimi. Kila asubuhi anavuta kiti mbele yake, kajifunga vitenge viwili, kavaa soksi za Neema, anasoma Biblia mpaka saa sita.

Sasa Jumatatu ikaja barua. Alhamisi, yaani kesho, wanatengeneza nguzo mtaani kwetu. Umeme hakuna kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Nikacheka. Nikamwambia Neema, "Sisi inatuhusu nini? Jiko letu linakula mbao."

Neema akanitazama. "Baba Imani, mbona lina plagi?"

Nikageuka. Kweli lina plagi! Miaka miwili nakaa nalo, sijawahi kujiuliza.

Mimi nina ugonjwa mmoja: swali likiniingia kichwani, silali. Moto na umeme wapi na wapi? Nikachukua bisibisi, nikafungua mfuniko wa nyuma, nikakaa sakafuni saa nzima. Wacha nione mambo! Kuna parafujo ndefu inayosukuma peleti kidogo kidogo. Kuna feni ya kuvuta moshi nje na feni ya kuleta joto ndani. Kuna kijiti cha chuma kinachopata moto mpaka kinakuwa chekundu, hicho ndicho kibiriti chake. Na juu ya yote kuna kompyuta ndogo inayowaamuru wote. Umeme ukikatika jiko likiwaka, feni inasimama na moshi unabaki na nyinyi sebuleni. Nikamfikiria mama mkwe ndani ya moshi. Nikasema hapana, hapa jenereta lazima.

Jana usiku nikamwahidi mbele ya Neema. "Mama, kesho kutwa umeme ukikatika hutasikia baridi hata dakika moja."

"Haya, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Swali likawa: jenereta gani? Nilisoma kwamba kile kibiriti kinakula umeme mwingi dakika za mwanzo, halafu moto ukishashika jiko linakula kidogo tu. Mwingi ni kiasi gani? Kidogo ni kiasi gani? Sikujua. Lakini Kigoma nilikokulia, hununui hata balbu kabla muuzaji hajaichomeka mbele ya macho yako ikawaka. Redio inaimba kwanza dukani, ndipo mkono unaingia mfukoni. Kwa hiyo jibu lilikuwa wazi kabisa. Nitalipeleka jiko dukani, nilichomeke kwenye jenereta, nione.

(Naomba mjue kwamba wazo hili lilipita kichwani mwangu bila kupigwa hata swali moja. Mimi, mtu wa maswali!)

Nikalizima jiko alfajiri lipoe. Saa nne akaja Byamungu, Mkongo wa Bukavu. Anafanya kazi ghalani Smithfield na ana gari la mizigo. Akalitazama jiko, akanitazama mimi.

"Mon vieux, ndugu yangu, jenereta iko ku duka. Sasa jiko inaenda fanya nini kule?"

"Tunakwenda kujaribu."

Akafikiri. "Ah, ni kweli. Watu wa maduka ni waongo." Akakunja mikono ya shati.

Kilo karibu mia! Tulichomoa bomba la moshi, ukutani likabaki tundu ukubwa wa sahani ya chai, na upepo ukaingia humo kama umealikwa. Nikaliziba na mto wa binti yangu Imani, ule wa waridi wenye manyoya. Mama mkwe akafunga Biblia yake taratibu, kidole bado kiko kwenye mstari, akatuangalia tunavyopita na joto lake mlangoni.

"Nusu saa tu, mama," nikasema.

(Kutoka Penrith kwenda Smithfield peke yake ni zaidi ya nusu saa. Msinihesabie.)

Dukani jenereta zimepangwa nje kwenye maegesho. Kuna moja kubwa, nyekundu, ina magurudumu. Kuna nyingine ndogo kama sanduku la safari. Dada wa mauzo, kijana mchangamfu, akaniambia nichukue ile ndogo, umeme wake umetulia, unafaa vitu vyenye kompyuta ndani. Nikamuuliza umetulia kivipi. Akanieleza. Nikamuuliza tena. Akanieleza tena. Akaiwasha. Nikainama, nikatega sikio. Inakoroma kama friji!

Nikamwambia Byamungu, "Jenereta ambayo jirani haisikii, utajuaje kama ipo?"

Byamungu alikuwa tayari anaipapasa ile nyekundu. "Hii ndiyo jenereta. Hii inasikika mpaka ku mupaka."

Nikamuuliza dada, "Naruhusiwa kuchomeka kitu changu nijaribu?"

"No worries, mate!" Alidhani ni simu, masikini. "Kiko wapi?"

"Kwenye gari."

Tulipoteremsha jiko kwa toroli, dada akaacha kutabasamu. "Hilo ni la nyumbani kwako?"

"Ndiyo."

"Umeling'oa ukutani?"

"Ndiyo."

"Hukuweza... kupiga simu?"

Akasema nisubiri, anamwita meneja. Nami nikaona nisiwapotezee watu muda wao. Nikaivuta kamba ya ile nyekundu. Ikanguruma mpaka madirisha ya duka yakatetemeka. Nikachomeka.

Jiko likawaka taa! Peleti zikaanza kudondoka, tik, tik, tik. Nikachuchumaa mbele ya kioo na simu mkononi, narekodi. Kile kibiriti kikawa chekundu. Peleti zikaanza kufuka. Nawaambia ukweli, nilifurahi kama mtoto, nilikuwa sijawahi kuona inavyoanza kutoka karibu vile.

Ghafla jenereta ikashuka sauti, ikapanda, ikashuka. Jiko likalia pii! Maandishi mekundu yakatokea. Feni ikasimama. Peleti nazo hazikupewa taarifa, zikaendelea kufuka bila hewa, na moshi mzito, mweupe, ukatoka pale bomba lilipokuwa. Upepo ukaukamata moshi wote, ukauingiza dukani kwa mlango wa mbele.

Kengele ya moto ikalia.

Yesu wangu! Watu wakatoka mbio. Mzee mmoja katoka na sinki ambalo hajalilipia, kalikumbatia. Wafanyakazi wakapangwa kwenye mstari wa njano, wakahesabiwa. Nilichomoa plagi, nikapepea moshi kwa koti langu, nikauzidisha. Namtafuta Byamungu, simwoni. Kumbe yuko ndani ya gari, kafunga mkanda, anatazama mbele kama abiria asiyenijua.

Zimamoto wakaja. Gari zima, ving'ora, wanaume wanne na kofia zao. Mkubwa wao akauliza kwa sauti ya upole, "Mwenye jiko ni nani?"

Duka zima likaninyooshea kidole.

"Nyumba yake iko wapi?"

"Penrith," nikasema.

Akalizunguka jiko polepole, akachuchumaa nyuma yake, akaita, "Njoo, rafiki." Nikaenda. Kuna kibandiko. Kimeandikwa wati za kuwashia, wati za kawaida, na chini yake kwamba litumie umeme uliotulia tu. Kila kitu nilichokuwa natafuta. Juzi nimekaa saa nzima nyuma ya jiko hilo, nimepiga picha kumi na nne za matumbo yake, kibandiko nimekiruka.

"Picha ya hiki ingetosha," akasema. Simu ilikuwa bado mkononi mwangu, bado inarekodi.

(Hata hapo nilimuuliza kwa nini feni ilisimama. Akanieleza kwamba umeme wa ile kubwa unarukaruka na kompyuta ya jiko inachanganyikiwa. Kumbe! Akarudia pia mara tatu kwamba jenereta ikae nje, mbali na dirisha, moshi wake unaua bila harufu. Nikataka kuuliza zaidi, Byamungu akapiga honi.)

Dada wa mauzo alileta sanduku la ile ndogo. Nikalipa.

Tulifika nyumbani saa kumi jioni. Mama mkwe hayuko sebuleni. Yuko jikoni, amekaa mbele ya oveni iliyofunguliwa mlango, ndani hamna chakula. Kavaa koti langu la kazini, lile la rangi ya machungwa lenye mistari inayong'aa, juu ya vitenge vyote alivyokuja navyo. Na ameshika simu. Ni video. Kwenye kioo kuna wadogo zake wanne, Kigoma, saa tatu asubuhi, wamekaa mkekani wanakunywa chai. Neema amesimama kando, katoka kazini sasa hivi, anauma mdomo asicheke. Mama alikuwa ameshawaonyesha tundu la ukutani na mto wa waridi.

"Huyo ndiye?" sauti moja ikauliza.

"Ndiye," akasema mama.

Nikapiga goti. Nikamwambia mama nisamehe, nilitaka kesho usipate baridi, ndiyo maana. Nikamwonyesha jenereta.

Akaitazama. Akanitazama mimi, uso una masizi. Kwa mara ya kwanza tangu aje, akanisema.

"Mwanangu, umeme wanakata kesho. Leo umekata wewe."

Simu ikalipuka kwa vicheko. Mama mdogo mmoja akamwaga chai. Mwingine, akijifuta machozi, akasema, "Dada, si urudi tu nyumbani?"

Nikageuka kumtazama mama.

"Nirudi?" mama akasema, akijifunga koti langu vizuri. "Sirudi ng'o. Nataka nione kesho atabeba nini."

Jiko tumelirudisha, linawaka. Naombeni msicheke, ndugu zangu. Kigoma wameshacheka kwa niaba yenu.