Kitambaa Chekundu cha Njia ya Mlimani

Jumatatu, tarehe 4

Habari kubwa! Mwenye hoteli ya mlimani anatafuta dereva wa kudumu. Tumebaki wawili: mimi na mzee tunayemwita Taratibu, anayeendesha kana kwamba kuna mtoto amelala juu ya boneti. Majaribio Jumamosi. Kila mmoja apandishe trei za mayai, yafike mazima kabla ya chakula cha mchana. Nimemwambia mke wangu aanze kuniita Dereva. Kaniambia kwanza nitafute gari.

Jumanne, tarehe 5

Gari limepatikana! Shemeji, kaka wa mke wangu, kaniazima lake, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kaniapisha lirudi bila mkwaruzo. Nikaapa. Kuapa ni bure.

Jumatano, tarehe 6

Nimeikagua njia kwa miguu. Inatosha gari moja na nafasi ya kutemea mate. Upande huu mwamba, upande ule hakuna kitu kabisa. Kwa kuwa magari hayapishani, kuna kitambaa chekundu kimoja tu, kinaning'inia kwenye nguzo chini ya mlima. Anayepanda anakifunga kwenye kioo, akishuka anakirudisha. Usipokikuta, unasubiri.

Na Jumamosi anaanza Taratibu! Apande, anywe chai, ashuke... Nitaota mvi pale chini. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikaketi sebuleni, macho yakatua kwenye pazia. Jekundu! Mimi ni hatari.

Ijumaa, tarehe 8

Mke kauliza pazia la kushoto liko wapi. Nimesema kwa dobi. Kasema tangu nimwoe sijapeleka kwa dobi hata soksi. Kanitazama muda mrefu. Nikajifanya nina kikohozi.

Jumamosi, tarehe 9

Taratibu kapanda na kitambaa asubuhi. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Jua likawaka, mzee hashuki. Nikafunga changu, nikatia gia. Raha iliyoje! Gari linapanda kama mbuzi. Nikaimba. Nikakata kona ya mwamba, uso kwa uso na Taratibu! Na pembeni yake nani? Mwenye hoteli mwenyewe, anashuka kupokea wageni.

Mwenye hoteli, mama wa watu, akatazama kitambaa chao, akatazama changu. Nikawahi kusema labda siku hizi viko viwili. Akauliza kama hicho cha pili ndicho kilichokuja na vikulabu vya pazia.

Mwenye kosa ndiye anayerudi nyuma. Nikarudi. Gurudumu la nyuma likabaki hewani. Niliogopa, sitajidanganya, nilimwita mama yangu kwa sauti. Taratibu kanivuta kwa kamba ya chuma, kisha kaniomba kwa adabu nihamie kiti cha abiria. Kalishusha gari kinyumenyume hadi chini, huku akiniuliza habari za nyumbani, halafu kapanda kwa miguu kufuata lake.

Gari la shemeji lina mkwaruzo kutoka taa hadi taa. Mayai yamekuwa uji.

Jumapili, tarehe 10

Kazi kapewa Taratibu. Shemeji hapokei simu. Mke anasema majirani sasa wanatuona tukila, na akinikuta tena na mkasi nitalala nje. Inaniuma. Kazi ile niliitaka kweli.

Mchana kaja Taratibu. Kaniombea kwa mwenye hoteli: Jumatano nipandishe kuni mara moja, kwa gari lake yeye, mradi nisubiri kitambaa kama watu wengine. Nikamshukuru, machozi yakanilenga.

Alipoondoka, nikafikiri. Nisubiri? Mimi? Kosa halikuwa kitambaa. Kosa lilikuwa vikulabu! Mke kaenda kwa kaka yake kuniombea msamaha. Pazia la kulia nimeshalishusha, na safari hii vikulabu nimeving'oa kwanza.