Kunyang'anywa Darasa la Matamshi kwa Kosa la Kuwa na Lafudhi

Kwa Bwana Ronald Kamau,
Mkurugenzi, Masomo ya Kiingereza ya Jumamosi,
Edgbaston, Birmingham.

Bwana Kamau,

Natumai mwili wako u mzima. Kuhusu akili, nina wasiwasi, maana umeninyang'anya watoto wa Kigiriki niliokuwa nikiwafundisha matamshi ukampa Mark, eti yeye ni mzawa wa hapa na mimi "nina lafudhi." Malalamiko yangu ni haya:

1. Kigiriki hakina "sh". Despina, mtoto wa miaka saba, alifika kutoka Thesaloniki akiita samaki "fis". Shuleni walimcheka mpaka akaacha kusema kabisa. Ni mimi niliyemwambia, "Sema shikamoo." Akasema! Kutoka shikamoo tukavuka salama hadi "fish" na "shop". Shukrani ya mama yake ni kukushtakia kwamba mtoto anawaamkia madereva wa basi. Tangu lini adabu ikawa kosa la matamshi?

2. Huyo Mark. Nilisimama mlangoni nikamsikia. Tano kwake ni "foiv". Basi la abiria ni "buz", kama nyuki aliyefungiwa chupani. Nilipomuuliza kwa upole lafudhi hiyo aliipata wapi, alicheka: "Mimi sina lafudhi, bab." Bab! Ndivyo wanavyoitana hapa. Kumbe lafudhi ni maradhi ya wageni tu.

3. Kama uzawa ndio cheti, basi usibague. Mfukuze daktari wako wa meno, kwani alizaliwa kibogoyo. Wewe nawe, mzaliwa wa Nyeri, uondoke ofisini. Darasa ni la Wagiriki, kwa hiyo mkurugenzi awe Despina. Angalau yeye anajua kuamkia watu.

Nataka darasa langu kabla ya Jumamosi.

Nisalimie mkeo Nyokabi na watoto. Mark naye msalimie, maana nililelewa.

Ni mimi, mwenye lafudhi na asiyeionea haya,
Mwalimu Peninah Jepchirchir

Tanbihi: Nikiwa natafuta stempu, Despina amenipigia simu. Amealikwa sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake wa shule, mara yake ya kwanza, kwa sababu sasa wanasema anaongea kama wao. Alimwaga maneno bila kupumua, "foiv" na "buz" tele, nami nikamwomba arudie karibu yote. Mwache Mark aendelee, Bwana Kamau. Ila niwekee kiti nyuma ya darasa. Sitaki siku moja mtoto yule aniite, nisimwelewe.