Kutoka Birika Hadi Kipaza Sauti

Jumatatu, 9 Juni 2025

Bahati imebisha hodi! Bwana Laxmidas, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mwenyekiti wa chama chetu cha redio, katangaza leo baada ya kuitana majina hewani. Tunatafuta mwendeshaji mkuu wa mitambo. Masharti mepesi. Jumamosi kila mwanachama anapewa robo saa kwenye kipaza sauti. Atakayewasiliana na mtu wa mbali kuliko wote, kiti ni chake mwaka mzima.

Nilikuwa nachemsha maji, lakini nilisikia kila neno. Miaka miwili sasa mimi ndiye msimamizi wa birika. Mimi, Emilian, fundi simu na redio wa Isevya, hapa Tabora! Chai ikipoa, lawama zangu.

Tena kuna jambo la mama mkwe. Mama Consolatha wa Usoke anaamini mimi tayari ndiye mwendeshaji mkuu. Nilimwambia hivyo Krismasi, maneno yalinitoka tu. Anakuja Ijumaa kuniona kazini. Mke wangu Tekla kanikumbusha mara nne.

Jumanne, 10 Juni

Somo la nukta na vistari vya Morse. Mpinzani wangu ni mmoja tu, Bi Dafrosa. Kastaafu reli. Miaka thelathini alipokea na kupeleka taarifa za treni pale stesheni. Anaandika ujumbe kabla mimi sijajua kama umeanza. Nikamuuliza siri yake. Kasema siri ni kusikiliza kwanza. Siri gani hiyo! Anaificha, najua.

Nimewaza mpaka chakula kikapoa. Antena ya chama imefungwa juu ya bati. Waya ukipanda juu zaidi, sauti inafika mbali zaidi. Na nani ana mti mrefu? Mzee Modest wa Kwihara!

Jumatano, 11 Juni

Kwihara kwa baiskeli. Nilimwaga shikamoo zote nilizonazo. Mzee Modest ni mrina asali. Kwenye mti wake mrefu, mtundu, kuna mzinga unaning'inia, umejaa, atarina wiki ijayo. Nikamweleza kwamba mawimbi ya redio huwachangamsha nyuki, asali inaongezeka. Akasema nifunge waya wangu, ila mzinga usiguswe. Nani ana shida na mzinga wake?

Kamba ya nailoni ningenunua kwa Laxmidas, lakini angeuliza ya nini, na Bi Dafrosa angejua kabla ya adhuhuri. Mzee Modest kanipa kamba ya magome, ile ile anayotundikia mizinga. Imara! Waya umepanda. Ncha ya kamba nimeifunga kwenye shina, kando ya kamba ya mzinga. Zimefanana kama mapacha. Zinapendeza kweli.

Alhamisi, 12 Juni

Zoezi la kusaka redio iliyofichwa. Mwenyekiti anaficha kifaa kinacholia, sisi tunakifuata kwa antena za mkononi. Nilizunguka saa mbili, nikafika hadi stesheni. Bi Dafrosa alikipata kwa dakika ishirini. Kilikuwa ndani ya birika langu.

Wacha wacheke! Walipokuwa bado wanacheka nikasimama nikatoa hotuba. Nikasema misafara ilipita Kwihara, wapagazi wakabeba habari kwa miguu miezi mitatu hadi pwani, na sisi tupeleke habari kutoka pale pale kwa nukta ya sekunde. Laxmidas alitoa leso. Nikawaeleza na waya wangu ulivyofungwa kwa kamba mtini. Hoja imepita! Jumamosi chama chote kinahamia chini ya waya wangu. Bi Dafrosa kauliza jambo moja tu, kama kamba yangu nimeitia alama. Wivu huo.

Ijumaa, 13 Juni

Mama mkwe kafika na karanga nusu gunia. Kaniuliza nina watu wangapi chini yangu. Nikajibu kwamba pale bila mimi hakuna kinachokwenda. Si uongo. Hawawezi kikao bila chai.

Nimepata mbinu ya pili! Kipaza sauti chetu kina kitufe. Unabonyeza kuongea, unaachia kusikiliza. Sasa robo saa ni fupi, niachie ya nini? Nimekata mpira wa tyubu ya baiskeli. Nitakifunga kitufe kisiachie. Robo saa nzima ni mimi tu hewani!

Jumamosi, 14 Juni

Bi Dafrosa alitangulia. Akaita, akaachia, akasikiliza. Akampata mtu wa Maskati, Omani! Makofi. Mama mkwe naye akapiga makofi, tena kwa nguvu.

Zamu yangu. Nikafunga mpira. Nikaita dakika saba bila kupumzika kwamba Tabora iko hewani. Hakuna aliyejibu. Kosa nikaliona, waya umelegea. Nikakimbilia shinani kuuvuta. Nikashika kamba, nikafungua fundo. Nikashangaa waya mwepesi vile kuwa na uzito huu.

Mzinga ulishuka mzimamzima.

Nilipiga mayowe, nakiri. "Nyuki! Mama yangu wee, nyuki!" Laxmidas alipotelea kwenye mihogo. Mama mkwe, anayelalamikia magoti tangu nioe, alinipita. Birika lilikanyagwa.

Bi Dafrosa peke yake hakukimbia. Alijifunika khanga gubigubi, akabaki ametulia mezani, mkono ukatoka polepole ukafungua mpira wangu. Akasikiliza. Ikatoka sauti ya mtu wa Japani! Alikuwa anauliza kwa Kiingereza kama Tabora kuna maafa. Alikuwa amesikia mayowe yote. Bi Dafrosa akamjibu kwamba ni nyuki tu, akamshukuru, akaandika jina lake la hewani na saa.

Japani! Hakuna mwanachama aliyewahi kufika huko. Nikakata rufaa pale pale kwamba sauti iliyofika ni yangu. Laxmidas, mdomo umemvimba, akasema mawasiliano ni watu wawili kusikilizana, na mayowe hayahesabiki. Kiti ni cha Bi Dafrosa. Mimi birika, mwaka wa tatu. Mzee Modest naye kasema, bila hata kupandisha sauti, kwamba nitachonga mzinga mpya kwa mikono yangu.

Jumapili, 15 Juni

Naandika kwa jicho moja. Mama mkwe kaomba chai. Kanywa vikombe viwili, kasema kumbe hii kazi yangu ya birika naiweza. Alijua! Tekla alimwambia tangu Januari. Nimeona aibu, haki ya Mungu. Kama dakika mbili hivi.

Lakini Japani ni Japani! Mchana Mzee Modest kanipigia simu kuhusu kuchonga. Nikaulizia ule mti wake mwingine, mrefu kuliko mtundu. Kasema niusahau kabisa, ule una mizinga miwili.

Nimeshakata mpira mwingine wa kitufe. Mizinga miwili! Na mmoja tu ulinifikisha Japani.