Uzio Ulioninyima Kupigana na Shemeji

Kwa Bwana Mkadam,
Mkuu wa Usalama wa Uwanja,
Sherehe za Mwaka Kogwa, Makunduchi.

Bwana mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, nakuletea shitaka dhidi ya ule uzio wa chuma mlioweka uwanjani mwaka huu kuwatenga watazamaji na wapiganaji.

1. Wewe ni mtu wa hapa, unajua kwamba siku ile wenye vinyongo hupigana kwa vigogo vya migomba, kisha hupeana mikono na mwaka ukaanza upya. Mimi nina kinyongo na shemeji yangu Mkubwa, aliyewatangazia watu kwenye futari kwamba nililala nikiwa nimesujudu katika tarawehe. Ni kweli nililala, tena nilikoroma. Lakini hiyo ni habari ya kusemwa mbele ya watu na uji wao?

2. Nilichelewa kufika kwa kuwa nilikuwa nachagua kigogo chepesi. Nikakuta uzio ushasimamishwa, nami nimebaki upande wa watalii. Mmoja wao alinipiga picha na kuniuliza bei ya mgomba.

3. Nikapanda. Kwa umbo langu, Bwana Mkadam, hilo halikuwa jambo dogo kwa uzio wala kwangu. Chuma kikainama, kikoi kikanasa, nikabaki juu kama nguo iliyoanikwa. Binti yenu wa ulinzi, Saadiya, akasema kwa kipaza sauti: "Babu, teremka. Uzio si ngazi, utawaangukia watu." Nina miaka hamsini na mbili. Hilo neno babu limeniuma kuliko chuma.

Basi mapigano yamekwisha sijapigana, na kinyongo kimeniganda hadi mwakani. Mkubwa ndiye mtu pekee Makunduchi ninayemshinda kwenye bao. Jioni nakaa barazani peke yangu na kete zangu, na ninaumia. Naomba uzio uondolewe, au nipewe siku yangu ya kupigana, mimi na yeye tu, na Saadiya asialikwe.

Nisalimie wanakamati wote, wakubwa kwa wadogo wa nyumbani kwako, na huyo Saadiya pia, maana aliyemtuma ni wewe.

Ni mimi niliyedhulumiwa,
Wakil Ubwa

Tanbihi: Mke wangu Mashavu amekataa kuitia barua hii kwenye bahasha mpaka niandike kwamba uzio ulikuwa na mlango wa dharura, uko wazi, karibu yangu kabisa. Naam, niliuona. Mkubwa alikuwa amesimama pale pale mlangoni, hana kigogo, kaninyooshea mkono. Kipigo nilikuwa nimejiandaa nacho; mkono ule sikujua niufanye nini. Nikaona heri nikakwame juu ya uzio.